Ndege wa Kilometa Tisa

Sisi tulioangalia ndege Kamina miaka ile tulikuwa wanne tu, na katika wanne hao hakuna aliyeweza kupatana na mwenzake wiki nzima. Watu wa kambi ya reli walituona wapumbavu. Mtu anatoka kazini amechoka, badala ya kukaa na watoto wake anakwenda kusimama kwenye majani na shingo juu, kisha Jumapili baada ya ibada anakwenda kubishana na watu wazima kama ndege fulani alikuwa na miguu myekundu au ya manjano. Mke wangu Marthe alikuwa akisema kwamba kama ndege wangeliwa kwa macho, nyumba yetu ingekuwa na mboga kila siku.

Mkubwa wetu alikuwa Ngalamulume, karani wa stesheni, mtu wa Kasai, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Mzungu mmoja mpimaji wa njia alipohamishwa alimwachia darubini na daftari kubwa la jalada jeusi. Ndani yake tuliandika jina la ndege, tarehe, kilometa, na majina ya watu wawili waliomwona. Tuliandika kilometa kwa sababu sisi wa reli hatukujua kutaja mahali kwa njia nyingine. Majina mawili yalikuwa sheria ya Ngalamulume. Aliiweka baada ya Ambroise, dereva wetu wa treni ya mizigo, kuapa mbele ya mchungaji kwamba ameona ndege mwenye vichwa viwili. Tukaenda sote kumtazama, tukakuta yangeyange wawili wamesimama pamoja. Tangu siku hiyo jina moja halikutosha. Ndege aliyeonwa na mtu mmoja alipigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni Ngalamulume aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Hakuna shahidi.

Wa nne alikuwa Gamaliel Mwanza. Habari hii ni yake, na mimi naieleza kwa kuwa nilimkosea.

Mimi na Gamaliel tulikuwa wakaguzi wa njia. Kila alfajiri nilitoka Kamina na nyundo ya mpini mrefu begani na bendera nyekundu mfukoni, nikafuata reli nikigonga boliti na kuangalia mataruma, mpaka nguzo ya kilometa tisa. Gamaliel alitoka upande wa pili, kwenye kambi ndogo ya kilometa kumi na nane. Tulikutana kwenye nguzo na kubadilishana jetoni, kipande cha shaba chenye namba, kilichofungwa kamba. Yangu ilikuwa nne, yake saba. Ukirudi na jetoni ya mwenzako, mkubwa wa kikosi anajua ulifika mpaka mwisho. Ukirudi na yako mwenyewe, ulilala kivulini. Mchana treni ilizirudisha, kila moja kwa mwenyewe. Kwa kifupi, kila mmoja wetu alikuwa shahidi wa mwenzake, siku sita kwa wiki, miaka minne.

Gamaliel alikuwa mtu wa Kinkondja, mtoto wa wavuvi wa ziwa Kisale. Aliongea polepole mpaka ukataka kummalizia sentensi. Na tangu aingie kwenye kundi letu alikuwa na ndege mmoja tu kichwani.

"Kabamba, ile ndege iko mukubwa," aliniambia. "Ikisimama inafika pa kifua yako. Mudomo yake iko sawa kiatu ya polisi. Haitembei. Inasimama mu maji asubui mpaka mangaribi, inakuangalia."

"Inaniangalia juu ya sababu gani?"

"Siyui. Labda inangoja. Na ikikuinamishia kichwa, na weye uinamishe. Kwetu bazee banafanyaka vile. Njo heshima."

Kila mwaka aliniomba tutumie likizo pamoja, twende Kinkondja nikamwone kwa macho yangu, ili daftari lipate majina mawili. Kila mwaka nilimwambia mwaka ujao. Ukweli ni kwamba sikumwamini, na tena nilipenda kumcheka. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Jumapili moja nilichomeka kiatu changu cha kazi kwenye fimbo, nikakisimamisha katikati ya sebule ya Ngalamulume, nikasema, "Gamaliel, ndege yako njo hii, imefika na treni." Ambroise alicheka mpaka akatoka nje. Gamaliel naye alicheka, kidogo, kwa adabu.

Kisha ukaja mwezi wa nane wa mwaka hamsini na moja. Wanaoijua Kamina wanajua kiangazi chake: kila upande majani yanachomwa, jua linachomoza jekundu ndani ya moshi, na majivu yanaanguka kwenye sahani. Maji hakuna. Vijito vyote vya karibu na reli vilikuwa vumbi.

Asubuhi moja nilipokaribia kilometa tisa nilimwona Gamaliel amesimama kwenye nguzo, amenipa mgongo. Hakugeuka. Alishusha mkono polepole, kama tunavyomwashiria dereva apunguze mwendo. Nikanyata mpaka nikasimama bega kwa bega naye.

Nilimwona. Nataka lieleweke tangu sasa. Alikuwa hatua arobaini mbele yetu, kwenye majani yaliyoungua, rangi ya kijivu kama majivu aliyosimama juu yake, na mdomo ule mkubwa umelala kifuani. Jicho lake lilikuwa karibu jeupe. Hakutikisika. Nimeangalia ndege maisha yangu yote na hakuna asiyetikisika. Hata aliyelala anatikiswa na upepo. Huyu, upepo ulikuwa unampita tu. Halafu akafungua mdomo, akaupiga, ko-ko-ko-ko-ko, sauti ya mti juu ya mti, akainama mpaka mdomo ukagusa majivu.

Gamaliel akainama. Mimi nilibaki wima.

"Umemuona, mulunda?" Mulunda kwao ni rafiki, na alilisema kwa furaha.

"Tubadilishane," nikamjibu. "Treni iko karibu."

Akanipa namba saba, nikampa namba nne, akaniminya mkono kwa nguvu. Kwake yeye hilo lilikuwa jibu.

Jumapili Gamaliel alifika kwa Ngalamulume amevaa koti la harusi yake. Alieleza yote, polepole, bila kuongeza chumvi hata chembe. Ngalamulume aliandika, kisha akaniangalia na kalamu mkononi.

"Na weye, Kabamba? Ulimuona?"

Ambroise alikuwa ameshaanza kutabasamu, anangoja nitoe kiatu kingine. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewachekesha kwa ndege huyu. Nikisema ndiyo, wataanza kunicheka mimi, na jina la kwanza kwenye ukurasa litakuwa la Gamaliel, na langu chini yake. Nilikuwa na wivu na nilikuwa na aibu. Sikuwa na sababu nyingine yoyote.

"Minyi niliona moshi," nikasema.

Walicheka. Gamaliel hakubisha. Aliniangalia kwa muda mrefu, na sijui nilitazama nini, dari au mikono yangu. Kalamu nyekundu ilipita juu ya maneno yake kwa msaada wa rula, kwa sababu Ngalamulume hakupenda mstari uliopinda.

"Sawa," Gamaliel akasema, akachukua kofia yake. "Nitaleta unyoya yake. Unyoya haitasema iliona moshi."

Wiki ile tulikutana kwenye nguzo kila asubuhi kama kawaida. Alinisalimia, tukabadilishana, akaenda. Hakuyataja hata mara moja yale niliyoyasema. Ningependa kama angenipiga. Jumamosi mchana, baada ya kupokea jetoni yake kutoka kwenye treni, aliingia porini na wavu wa samaki begani kumtafuta ndege. Upepo uligeuka, moto ukamzunguka. Watu wa kambi yake walimkuta jioni kwenye majivu, uso umeelekea chini, na wavu haukuungua hata fundo moja. Jetoni namba saba haikuonekana. Mkubwa wa kikosi aliagiza nyingine, namba tisa, akapewa mkaguzi mpya anayeitwa Jean, mtu mzima mwenye watoto sita na maneno machache.

Tamar, mke wa Gamaliel, alitakiwa kuacha nyumba ya reli. Akahamia Kamina, nyumba ndogo ya nyuma karibu na uwanja wa mpira, akauza samaki wakavu waliotumwa na ndugu zake wa Kinkondja. Alikuwa akijua kwamba mume wake aliitwa mwongo; kambi nzima ilijua. Nilipeleka unga wakati wa matanga, na baada ya hapo mwaka mzima nilizunguka njia ya mbali nisipite mbele ya mlango wake. Marthe aliniuliza kwa nini natembea sana kana kwamba kazini sitembei vya kutosha.

Mwezi wa nane ulirudi, na moshi wake. Ilikuwa Jumatatu. Nilifika kilometa tisa nikiwa wa kwanza. Jean alikuwa bado. Kwenye nguzo kuna msumari ambao zamani mimi na Gamaliel tulitundika kofia zetu. Kwenye msumari ilining'inia jetoni.

Nilidhani Jean amefika akaingia porini kujisaidia. Nikaishika. Ilikuwa imelowa. Kamba yake ilikuwa na matope meusi, na matope yalinuka kama inavyonuka mashua ya mvuvi, samaki na majani yaliyooza. Nikaifuta kwa kidole. Namba saba.

Nilipoinua macho alikuwa upande wa pili wa reli, karibu kuliko siku ile. Jicho jeupe. Mdomo kifuani. Nilisimama na jetoni mkononi. Alipiga mdomo wake, ko-ko-ko-ko-ko, akainama. Mimi tena sikuinama, shingo ilikataa. Kisha nikamsikia Jean akigonga boliti mbali, nikageuka sekunde moja, na nilipotazama tena palikuwa na ardhi tupu, na alama mbili za miguu mirefu kwenye majivu, zenye maji ndani.

"Umeona ndege?" nikamwuliza Jean alipofika.

"Ndege gani?" Alama zilikuwa zimeshakauka.

Jumanne nilimkuta kilometa ya nane. Jumatano, ya saba. Alisimama ubavuni mwa nguzo, upande uleule wa kushoto, ananitazama nikija, na ilinilazimu nimpite kwa sababu reli haina njia ya kuzunguka. Wakati wa kurudi hakuwapo, ila harufu ya ziwa ilikuwapo. Alhamisi, kilometa ya sita, nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na hofu ikinizidi inageuka matusi. Nilimtukana, nikaokota jiwe la reli nikamtupia kwa nguvu zangu zote. Jiwe lilianguka nyuma yake. Sikuona kama lilimpita kando au lilimpita katikati. Yeye aliinama tu, kwa adabu, kama Gamaliel alivyocheka siku ya kiatu.

Hapo nilianza kuhesabu, na hesabu hii haikuhitaji karani. Ijumaa tano, Jumamosi nne. Jumapili hatufanyi kazi. Jumatatu tatu, Jumanne mbili, Jumatano moja. Alhamisi angekuwa kwenye sifuri, na sifuri ni stesheni ya Kamina, na nyumba yangu ni ya pili kutoka mwisho wa jukwaa. Sikujua atafanya nini akifika. Nilichojua ni kwamba anakuja kwangu na kwamba nilikuwa na njia moja ya kumzuia: kwenda kwa Ngalamulume na kusema mwaka jana nilidanganya. Maneno machache tu. Nikatafuta njia ya kutoyasema.

Nikajipangia hivi. Ndege bado yupo. Nitampeleka Ngalamulume amwone mwenyewe. Tutaandika majina mawili, langu na lake, tarehe mpya. Watu watasema, kumbe Gamaliel alisema kweli. Jina lake litasafishwa, na hakuna atakayeuliza mimi niliona nini mwaka jana. Nilijiona nina akili sana.

Jumatatu Ngalamulume aliomba ruhusa ya saa moja, akavua viatu vyake vya ofisi akaviacha kwangu, akavaa vya kazi vya Ambroise. Tulitembea mpaka kilometa ya tatu, daftari kwapani mwake, darubini shingoni. Njiani alinihubiria kuhusu watu wanaoona vitu kwa kutokula vizuri asubuhi.

Alikuwapo. Kutoka hatua mia nilimwona ubavuni mwa nguzo, na moshi mwembamba unapita mbele yake na nyuma yake. Sikusema kitu. Nilitaka amwone bila kuoneshwa, ili asije akasema nilimtia maneno.

Ngalamulume aliinua darubini. Akaielekeza upande wa kulia, kwenye miti. Akaileta polepole kushoto. Ikafika kwenye nguzo, ikasimama.

Ilisimama hapo kwa muda mrefu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona vidole vyake. Vilianza kutetemeka, darubini ikagonga vifungo vya shati lake, tik-tik-tik. Jasho lilimtoka chini ya sikio. Mbele yetu ndege alifungua mdomo, ko-ko-ko-ko-ko, na nilimwona Ngalamulume akiruka kama aliyeitwa jina lake. Ndege akainama.

Ngalamulume alishusha darubini. Akafungua daftari juu ya goti.

"Uliona nini?" nikamwuliza.

"Minyi niliona moshi," akasema.

Hakunitazama. Aliangalia mikono yake, kisha juu, mahali ambapo kama tungekuwa ndani ya nyumba pangekuwa na dari. Akaandika: Malachie Kabamba, kilometa ya tatu. Akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari bila rula, mstari umepinda vibaya sana, na pembeni akaandika maneno yake mawili.

Nilielewa pale kile Gamaliel alichokiona siku ile kwenye sebule. Alikiona chote, wivu na aibu na uoga, akachukua kofia yake. Nilitaka kumpiga Ngalamulume, na mkono ukawa mzito, kwa sababu ningempiga kwa kosa langu mimi.

"Nipe ile kaye," nikasema, nikinyoosha mkono kwenye daftari.

"Kaye iko ya kundi."

"Nipe, nitakurudishia."

Alinipa haraka, kama mtu anayeondoa kaa la moto kiganjani, akarudi Kamina karibu mbio, na viatu vya Ambroise vikipwaya miguuni.

Nilimaliza kazi yangu kwanza. Boliti hazijui habari za watu. Jumanne ndege alikuwa kilometa ya pili. Sina maelezo ya kwa nini nilingoja siku nyingine. Ni uoga uleule. Jumatano alikuwa kwenye nguzo ya kwanza, na kutoka hapo paa la nyumba yangu linaonekana, na binti yangu Suzanne alikuwa anaanika nguo nje. Ndege hakuwa ananitazama mimi safari hii. Alikuwa anatazama kule.

Mchana huo, bado na nyundo begani, nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba iliyo karibu na uwanja wa mpira.

Tamar alikuwa uani, anageuza samaki juu ya mkeka. Alikuwa amekonda. Aliniona, akaona daftari jeusi, akanawa mikono taratibu.

"Baba Suzanne," akasema. "Mwaka muzima hauyui njia ya huku?"

"Mama Tamar, niko na neno."

"Ikaa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuuliza bei ya samaki. Nilisema nikiwa nimesimama, na nilisema yote: kwamba siku ile kwenye kilometa tisa nilimwona ndege kama nilivyomwona yeye sasa, kwamba Gamaliel aliniuliza nikamkwepa, kwamba mbele ya watu nilisema niliona moshi, kwamba kama ningesema ndiyo asingeingia porini na wavu. Nikaitoa jetoni namba saba mfukoni nikaiweka juu ya mkeka. Siku kumi mfukoni mwangu na ilikuwa bado imelowa.

Tamar hakulia. Aliichukua, akainusa.

"Iko ya Kisale," akasema. "Ile matope njo ya kwetu." Kisha akaniuliza, sauti ya chini, "Na ile ndege, ulimuona tena?"

"Kila siku. Anakuya karibu. Leo iko pa kilomètre ya kwanza."

"Haiko pa kilomètre ya kwanza sasa."

Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya jiko lake. Nilikuwa nimesikia harufu ya samaki tangu nilipoingia, nikadhani ni ya mkeka. Kati ya ukuta wa jiko na ua wa majani, mahali ambapo mtu angeweza kuweka ndoo mbili, alisimama. Sikuwahi kuwa karibu naye kiasi hicho. Maji yalidondoka kutoka kwenye manyoya ya kifua chake, tone moja moja, juu ya udongo mkavu.

"Nilianza kumuona siku ya matanga," Tamar alisema. "Mu kambi, nyuma ya nyumba. Nikahama, akahama. Nikasema, nikisemea bantu, batasema bibi yake naye iko muongo, ao alirogwa. Na munaandikaka tu kama bantu beko babili. Minyi nilikuwa peke yangu." Akafuta mikono yake kwenye kitenge, mara mbili, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilingoja muntu wa pili. Mwaka muzima, baba Suzanne. Na weye ulikuwa unapita kule pa njia ya mbali."

Machozi yalinitoka, nikayaacha.

"Fungua kaye," akasema. "Wapi pa bwana yangu?"

Nikaufungua ukurasa. Mstari mwekundu ulionyooka ulikuwa bado mkali kama wa jana. Tamar alisoma kwa kidole. Alijifunza kusoma Biblia kwa wamisheni na alisoma vizuri. Alifika mwisho, kwenye yale maneno mawili, akayagonga kwa ukucha.

"Andika pale chini. Andika jina yangu ya kwanza, yako chini."

Hakuna mwanamke aliyewahi kuandikwa kwenye daftari lile. Niliandika: Tamar, mke wa Gamaliel Mwanza, alimwona. Nikaandika chini yake: Malachie Kabamba, alimwona. Nikafunga kalamu.

"Haiyaisha," akasema.

"Kuko nini tena?"

"Weye ulimuona, ukasema hapana. Andika na ile. Ngalamulume asome. Batoto yako basome."

Niliandika: Alimwona siku ileile, kilometa tisa, akiwa bega kwa bega na Gamaliel. Alipoulizwa alikana. Nikaweka sahihi. Tamar alivuta daftari, akasoma neno kwa neno, akalirudia neno la mwisho kwa sauti.

Nyuma ya jiko ndege alipiga mdomo wake. Ndani ya ua mdogo kama ule sauti iliingia mpaka kwenye meno. Akainama, mdomo ukagusa ardhi. Tamar akainama, polepole, mikono juu ya magoti, kama wanavyomwamkia mkubwa huko kwao. Na mimi nikainama. Shingo haikukataa.

Nilipoinuka, Tamar alikuwa ameshageuka, anawapanga samaki wake. Nyuma ya jiko palikuwa na ndoo moja na ufagio. Jetoni kwenye mkeka ilikuwa imekauka, na shaba yake ilikuwa nyeusi kama kitu kilichotolewa motoni.

"Nisamehe, mama," nikasema.

Alifikiri. Sikuwahi kumwona mtu akifikiri neno hilo kwa muda mrefu hivyo.

"Bado," akasema. "Lakini ile njia ya mbali, uiache. Kesho asubui upite hapa, ukienda kazi, na bantu bakuone."

Jioni ile nilimrudishia Ngalamulume daftari, wazi kwenye ukurasa ule. Nikapita kwa Tamar kesho yake, na kila kesho baada ya hapo. Alhamisi ile nilikagua njia yote, nguzo kwa nguzo, kutoka sifuri mpaka tisa, na nguzo zote zilikuwa tupu. Jean alikuwa ananingoja. Tukabadilishana jetoni, na kwa mara ya kwanza aliniuliza kitu. Aliniuliza kama ni kweli yaliyoandikwa kwenye daftari la Ngalamulume, kwa sababu kambi nzima ilikuwa inayasoma, na Ambroise alikuwa ameyafikisha kwao kwa treni ya usiku.

"Njo kweli," nikamjibu.